Maji Anayokunywa Mama kwa Risper

Ijumaa, katikati ya Februari 1993. Saa tano, ofisi ya walimu. Joto la kuchoma, hakuna upepo wowote kutoka ziwani.

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu Jumatatu. Ni sauti ya mama akimeza maji.

Haikuwa sauti kubwa. Gudu, gudu, gudu, kisha pumzi ndefu, kisha gudu tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ua wa mabati unaotenganisha ploti yetu ya vyumba vya kupanga na nyumba ya jirani, Risper, nimekumbatia madaftari ya wanafunzi, na nilihesabu. Alimeza mara kumi na nne kabla ya kushusha kibuyu. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimembembeleza kwa muda mrefu anywe nusu glasi tu. Alilowesha midomo, akanirudishia. "Basi, mwanangu. Nimeshiba."

Ameshiba! Nani anashiba maji Kisumu, mwezi wa pili?

Nitasema ukweli hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza. Sikufurahi kwamba mama amekunywa maji. Binti mwema angefurahi. Mimi nilitaka kuupiga teke ule ua wa mabati. Wivu. Nina miaka ishirini na saba, nina shahada, nina mume, na ninaonea wivu kibuyu cha maji.

Mama alikuja kwetu Manyatta mwanzoni mwa Januari. Alikuwa ameanguka nyumbani, upande wa Bondo, alipoinuka baada ya kupepeta mtama. Hakuvunjika popote, lakini alishindwa kusimama tena, akakaa pale pale chini mpaka jirani alipompata. Hospitalini walisema presha imepanda na miguu imejaa maji. Wakampa vidonge vyeupe vya kutoa maji mwilini, kimoja kila asubuhi. Kisha tukapelekwa kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alimkalisha mama kwenye kiti cha kawaida, akamkunjisha mikono kifuani, akamwambia asimame na kukaa mara tano bila kushika kitu.

Mama alisimama mara mbili. Ya tatu alirudi kitini kama gunia.

"Mrudishe baada ya wiki sita," yule mama wa mazoezi aliniambia. "Nguvu bado ziko. Lakini mwili wa mama mzee ukiachwa ulale, hauamki tena. Na anywe maji. Hicho kidonge kinatoa, sasa lazima kuwe na kitu cha kutoa."

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Nairobi, alikata shauri siku hiyo hiyo kwa simu. Wiki sita zikiisha na mama hawezi kuinuka mwenyewe, anakuja kumchukua. Anakaa ghorofa ya nne. Mama hakukataa. Huwa hawakatalii wanawe wa kiume. Lakini tulipobaki wawili aliniambia, kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini kabisa, "Mvua za kupanda zikinikuta kule juu, mimi nimekwisha. Nisimamishe."

Mimi ni kitinda mimba. Nililala mgongoni kwake mpaka nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuchekwa. Kati ya wanawe wote aliniambia mimi. Nilimwahidi kwamba nitamsimamisha.

Kwa desturi zetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Sikuhitaji kumkumbusha mume wangu. Ochieng' ni karani bandarini, anasoma magazeti mpaka matangazo ya vifo, lakini kwa mambo ya ukwe ana heshima kuliko wazee. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amemkodishia mama chumba namba sita, mwisho wa ploti yetu. Sisi tuko namba mbili, karibu na lango. Akimwona mama anapita uani, anapunguza redio, anageuza uso kidogo, anamsalimu kwa mbali: "Maro, umeamkaje?" Maro ndiye mama mkwe. Mama hujibu akitazama ardhi na kuharakisha. Hawajawahi kupeana mkono.

Nilijivunia mpango huo. Niliwaeleza walimu wenzangu hapa ofisini, katika meza hii hii, jinsi tulivyomtunza mama bila kuvunja kitu. Tumesoma, niliwaambia, lakini hatujapotea.

Kisha nikaanza kazi.

Ninafundisha biolojia. Mwezi uliopita nilikuwa ubaoni nikichora figo kwa chaki nyekundu, nikawaeleza wasichana wa kidato cha tatu jinsi mwili unavyopima maji yake: yanayoingia, yanayotoka, na damu ikikaa katikati kama mzani. Nikawaambia mwanamke mzee ana maji machache mwilini kuliko wao, kwa sababu misuli ndiyo inayoweka maji na misuli yake imepungua. Kiu yake huchelewa kuja. Akikosa maji kidogo tu, kichwa kinamzunguka akisimama, miguu inakosa nguvu, na watu wanasema ni uzee. Wasichana waliandika yote. Mmoja aliuliza, "Kwa hivyo nyanya yangu si mvivu?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka, nikijua kwamba nyumbani nina mwanamke mzee wa kwangu na nitamfanya mfano.

Nilinunua daftari. Nikapiga mistari: glasi za maji, saa, kidonge, mara alizosimama. Kila asubuhi saa moja kamili, kabla ya kuja shule, nilikuwa nikiingia namba sita na jagi, glasi na kidonge. Kidonge alimeza, nilisimama mbele yake mpaka nione koo limeshuka. Maji alinyonya kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha nilimweka kitini, nikamkunjisha mikono, nikahesabu.

Mbili. Mbili. Moja. Mbili. Siku moja nimeandika "moja na nusu", na sijui nilikuwa namdanganya nani.

"Nitakunywa ukienda," alikuwa akiniambia. "Acha hapo mezani."

Nikirudi jioni jagi lilikuwa tupu. Niliandika glasi sita, glasi saba. Halafu siku moja nilizunguka nyuma ya chumba chake kuanika shuka, nikaona chini ya dirisha lake mche wa nyanya, mbichi, mnene, umeinua majani katikati ya vumbi ambalo halijaona mvua tangu kabla ya Krismasi. Hakuna aliyeupanda. Mbegu ilitupwa na maganda, na kuna mtu alikuwa akiunywesha maji yangu yaliyochemshwa.

Nilifuta zile glasi sita na saba, nikachora mstari mmoja mrefu mpaka chini ya ukurasa.

Sasa Risper.

Risper anaishi upande wa pili wa ua, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ni Mmaragoli aliyeolewa na mtu wa huku. Ana binti wawili wa shule ya msingi na cherehani ya kukanyaga barazani, anashona sare za shule kutwa nzima. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la tano. Kijaluo chake kimejaa makosa, na mama anayacheka makosa hayo mpaka anashika mbavu. Mimi ninaongea Kijaluo safi na mama hana cha kucheka.

Mama alivuka kwake mara ya kwanza kuazima sindano. Kesho yake alikwenda kurudisha sindano. Kesho kutwa hakuwa na sababu tena, akaenda tu. Ikawa kila siku saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali, anachukua fimbo yake, anapita pale bati lilipoachia nafasi, na harudi mpaka saa kumi na moja. Na akirudi ni mtu mwingine. Mgongo umenyooka. Macho yana mwanga. Anauliza kuhusu wanafunzi wangu, anakumbuka majina yao. Asubuhi mimi nilipewa mama mkavu, mwenye kizunguzungu, anayejibu "ndiyo" na "sawa". Risper alipewa mama yangu.

Siku moja nilimkuta Risper akimsuka nywele. Mama ameketi chini kati ya magoti yake, macho yamefumba. Zile nywele ni mimi niliyekuwa nikizitafuta mvi nikiwa na miaka mitano, naahidiwa ndizi. Nilisalimia, nikajifanya nimekuja kutafuta chumvi. Risper alinipa chumvi. Ndani ya kibweta changu cha jikoni nilikuwa na pakiti mbili.

Niliona pia kwamba anampa mama maji ya mtungi, kwa kibuyu. Nikasema moyoni, kumbe ni hilo. Kumbe ladha ya glasi ndiyo imemshinda. Jumamosi moja nilikwenda sokoni nikanunua mtungi mzuri wa udongo na kibuyu chenye mkono mrefu, nikavibeba mwenyewe kutoka stendi mpaka ploti, watu wakinitazama, mwalimu na mtungi kichwani. Mama aliusifu. Aliupapasa, akasema udongo ni wa mahali pazuri. Akasema asante mara mbili.

Mche wa nyanya ukatoa maua.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilichungulia kwenye ule mwanya. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Risper, kifupi, karibu na ardhi, kigumu kuinukia kuliko kiti changu chochote. Ameshika mikononi mzigo wa vitambaa vya kaki vilivyokatwa tayari. Risper alimwambia kitu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Na mama akasimama. Hakushika popote, mikono ilikuwa imejaa. Akampelekea vitambaa, akarudi, akakaa, akasimama tena kufukuza kuku.

Hakuna aliyehesabu. Hakuna aliyepiga makofi. Mimi niliyekuwa tayari kulia kwa furaha kwa ajili ya kusimama kama kule, nilikuwa nyuma ya bati kama mwizi.

Jumatatu nikasikia ile sauti ya kumeza. Na Jumanne nikafanya jambo baya.

Nilimwambia mama asiende tena kwa Risper. Nilisema maji ya kule hayachemshwi na kuna ugonjwa wa kuhara mjini. Uongo. Nimeona kwa macho yangu sufuria la Risper likitoa mvuke kila asubuhi kabla ya mashine kuanza kulia. Mama alinitazama, mimi nikijishughulisha na kukunja shuka lililokwisha kukunjwa.

"Kama umesema," akajibu.

Kisha, kama mtu anayetafuta mlango mwingine: "Hata kumsalimia tu?"

"Wiki hii tu, mama. Mpaka kliniki Ijumaa. Nataka uende ukiwa na nguvu."

Akatii. Alikaa namba sita Jumanne nzima. Jumatano asubuhi nilimpa kidonge chake, nikatazama koo.

Jumatano niliondoka shule mapema, saa tisa hivi nikawa nyumbani. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, magoti yamebanana, mikono imekandamiza mapaja. Midomo imepasuka. Nilimbana ngozi ya nyuma ya kiganja, ikabaki imesimama kama hema dogo, haikurudi. Nimewafundisha watoto wa watu jambo hilo: ngozi isiporudi, mwili umekauka. Na hata hivyo, Mungu anisamehe, nilimwambia ajaribu kiti. Kliniki ilikuwa kesho kutwa na nilitaka namba nzuri.

Alisimama mara moja. Macho yakapanda juu. Akaniangukia kifuani, mwepesi, mkavu kama bua la mahindi, nikapiga kelele.

Risper alipita kwenye mwanya wa ua na futi yake ya kupimia ikiwa shingoni. Alimshika mama kiunoni, akamkalisha, akampepea kwa kanga, akamlowesha uso. Mama alifumbua macho. Akamvuta Risper shingo, akamnong'oneza sikioni.

Sikioni mwa Risper. Mimi nilikuwa nimemshika mkono.

"Haya mama, twende," Risper akasema, akaanza kumwinua.

"Unampeleka wapi? Mlaze hapo!"

"Choo."

"Choo si kile pale nyuma!" Nikamwonyesha kwa kidole.

Risper alisimama, mama amemwegemea. Alinitazama kama wanavyotazamwa watu waliouliza jua linachomozea wapi.

"Mwalimu," akasema polepole. "Huyu mama ako na mkwe kwa hii ploti. Unataka akojoe wapi?"

Wakaondoka. Nikabaki na kiti.

Ploti yetu ina choo kimoja. Kiko nyuma ya vyumba vya upande wa lango, na njia ya kwendea inapita mbele ya mlango wetu namba mbili, pale ambapo Ochieng' hunyoa ndevu asubuhi na kusoma gazeti jioni. Mlango wa choo hicho haufungi vizuri. Mume wangu hukitumia. Wapangaji wote hukitumia. Mama yangu angetembea na fimbo yake mbele ya mlango wa mkwe wake, mchana, kila mtu akijua anakwenda kufanya nini, akae mahali alipotoka kukaa mkwe huyo.

Tulikumbuka paa. Tulisahau choo.

Alikuwa anakwenda mara moja, alfajiri kabla ploti haijaamka. Halafu mimi nafika saa moja na kidonge cha kukojoa na jagi la maji, natabasamu. Kutoka hapo mpaka saa tisa alasiri, saa ya heshima ya kumtembelea jirani, alijibana. Alijua hesabu kuliko mimi: kisichoingia hakitatoka. Kila glasi niliyommiminia ilikuwa adhabu. Na nilipofunga njia ya kwa Risper, nilifunga choo.

Siku mbili.

Jioni ile nilikwenda kwa Risper. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, ameshakunywa uji na maji, rangi imeanza kumrudia. Risper alikuwa anakunja sare.

"Mmesoma nyote wawili, wewe na mzee wako, jamani yawa," akasema. Hakuwa mkali. "Hata kwetu Maragoli mama mkwe hawezi. Ile siku alikuja kuazima sindano, nilimuangalia vile amesimama, nikamwambia, mama, choo iko pale, hapa hakuna mwanaume. Aliingia akakaa huko mpaka nikaogopa. Akatoka akaniomba maji."

"Alikuambia?"

"Hajawahi kuniambia chochote. Ataniambia nini? Niliona tu."

Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Kama mama angemwambia, ningepata wa kulaumu. Ningesema amemchagua Risper, nikamkasirikia, nikamsamehe. Lakini hakumchagua mtu. Mwanamke wa darasa la tano alimtazama mama yangu magoti kwa muda wa kuazimana sindano, akaona. Mimi nilimtazama wiki sita na daftari mkononi.

Nilimwuliza mama swali ambalo sikupaswa kuuliza. Nilipiga magoti kando ya mkeka nikasema, "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia, ungemwambia mume wako."

Nikataka kukataa. Lakini ni kweli. Ochieng' na mimi tunaambiana kila kitu. Ndiyo fahari yetu.

"Ungemwambia vizuri, kwa heshima," mama akaendelea, macho kwenye dari. "Naye angenihurumia. Halafu kila nikisimama, angejua." Akanigeukia. "Na wewe unaandika, nyathina. Kila kitu changu unakiandika. Niliogopa na hilo utalipigia mstari."

Nyathina ni mwanangu. Aliniita hivyo kwa upole kabisa, na sijawahi kusikia neno zito kama hilo.

Nilirudi nyumbani nikamtazama Ochieng' akila. Alikuwa anasimulia habari ya meli iliyokwama kwenye magugu, na mimi nilikuwa nikifikiria njia zote zilizopo. Kumwomba mwenye ploti achimbe choo cha pili: wapangaji wote watauliza ni cha nani, na jibu litatembea Manyatta nzima. Kumwomba Ochieng' atumie cha jirani: angekubali mara moja, angeinuka na sahani mkononi. Lakini ningelazimika kumwambia kwa nini. Nilifikiria hata, na hili nalo naliandika kwa kuwa nimeapa kusema ukweli, jinsi ambavyo choo cha Risper kingeweza kujaa, mama akamkosa na yeye.

Ndivyo nilivyo. Mama yangu amelala na ngozi isiyorudi, na mimi namwombea mabaya choo cha mjane.

Jana asubuhi nilikwenda kliniki kwanza, nikamwuliza nesi kuhusu kidonge. Akasema nisimpe mpaka aonwe leo. Kisha nikarudi, nikavusha vitu vya mama kwa Risper: godoro, sanduku, Biblia, kikapu cha dawa. Risper alisogeza vitambaa vyake pembeni bila maneno mengi. Binti zake wakagombania nani atalala karibu na nyanya. Nyanya, wanamwita. Mimi sina mtoto bado wa kumwita hivyo. Nilichukua muda mrefu kutandika godoro.

Kwa Ochieng' nilisema kule kuna kivuli, na Risper yuko nyumbani kutwa, mama hatakaa peke yake. Ni kweli tupu na ni uongo. Ni kitu cha kwanza kumficha tangu tuoane. Alinitazama, akaweka gazeti chini, akasema, "Mpe Risper shukrani zangu." Hakuuliza swali hata moja, mtu ambaye huuliza maswali matatu kuhusu bei ya mkate. Labda amejua. Kama amejua, hatasema, nami sitasema, na tutazeeka tukiwa na jambo moja tusilolisema.

Jana hiyo hiyo alasiri nilikuwa jikoni nikichambua mboga. Mama alikuwa amekunywa tangu asubuhi bila kubembelezwa na mtu, na kwenda alikokwenda bila kuogopa mtu. Nikasikia Risper akiita juu ya ua:

"Mwalimu! Mwalimu wee! Nne! Mama amesimama mara nne! Ya tano amesema ni ya daktari!"

Halafu kicheko cha mama, na cha wale wasichana.

Niliita "Asante Yesu!" kwa sauti kubwa, na nilimaanisha. Kisha nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mboga mapajani. Nne. Ahadi ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeambiwa "nisimamishe". Na aliposimama nilikuwa nachambua mboga, nikaletewa habari kama jirani.

Sitajidanganya kwamba wivu umekwisha kwa sababu nimejua ukweli. Ukweli umeunyima tu kisingizio. Bado unaamka nami. Lakini jana, nikiwa juu ya ile ndoo, nilijiuliza swali moja, na nikalijibu kabla halijanikimbia: leo kliniki daktari atauliza mama hunywa kiasi gani, saa ngapi, hukojoa mara ngapi, hushikwa na kizunguzungu wakati gani, na kile kidonge kinamfanya nini. Hayo ndiyo atakayoamulia kama mama anapunguziwa dawa au anaongezewa, anakwenda Bondo au ghorofa ya nne. Nani anayajua?

Nilikuwa na ruhusa ya leo. Niliomba wiki mbili kabla. Nguo nilizipiga pasi.

Asubuhi nilivuka kwa Risper nikamkuta mama ameketi tayari, kitambaa cheupe kichwani. Nikampa Risper kadi ya kliniki. Nilimwambia amwambie daktari kila kitu, hata cha choo, na hasa cha choo; asiseme mwalimu amesema hivi, aseme alichoona yeye. Risper aliipokea kadi kwa mikono miwili. Akafuta vidole kwanza kwenye gauni, kwa sababu ya mafuta ya cherehani.

"Huji?" mama akaniuliza.

"Risper ataeleza vizuri kuliko mimi, mama."

Nilikuwa nimejizoeza kusema hivyo bila sauti kutetemeka, na haikutetemeka. Mama alinishika kifundo cha mkono, akakibana kidogo, akaachia. Kisha akaweka mikono kifuani, akainuka.

Nikaja shule. Mwalimu mkuu amenikuta hapa akaniuliza mbona niko kazini siku ya ruhusa yangu. Nimemjibu kwamba mama amepata mtu wa kumpeleka, na nikaingia kidato cha tatu.